Harufu ya bangi inakwambia nini, na nini haikwambii

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwa Waswahili wenzangu hapa Ontario, nimeiandika karibu vilevile nilivoongea, nimetoa tu vicheko na ule muda wa kurekebisha maiki.)

Shikamooni wazee wangu, mama zangu mlioacha masufuria jikoni mkaja kukaa hapa asanteni sana, vijana hamjambo.

Najua kuna walioona mada ya leo wakasema heee, huyu nae kaanza lini. Naomba niwatoe wasiwasi mapema, sijaja kumfundisha mtu kuvuta wala kumhukumu anayevuta, mimi kazi yangu ni ya maabara, napokea sampuli za maua makavu ya bangi kutoka kwa wakulima wenye leseni, nayapima, naandika namba, basi. Mnajua tangu tarehe 17 Oktoba 2018 Canada iliruhusu bangi kwa watu wazima, na hapa Ontario ukifikisha miaka 19 unaingia dukani unatoa kitambulisho unahudumiwa. Sasa tatizo lililonileta hapa ni kwamba muuzaji siku hizi hakuuzii bangi tu, anakuuzia harufu. Anakusogezea kichupa anakwambia nusa hii, hii ina mirsini nyingi utalala fofofo, hii ina limonini itakuchangamsha, hii ina pinini hutasahau sahau vitu. Na vijana wetu wakirudi nyumbani wanayarudia maneno hayo kwa uhakika kabisa utadhani wamesomea famasi. Nikaombwa nije niseme ukweli uko wapi.

Jibu langu nalitoa sasa hivi ili atakayesinzia asikose: hizi kemikali za harufu zipo kweli, mmea unazihitaji kweli, pua yako inazisikia kweli, ila kazi yake ndani ya kichwa cha binadamu imethibitishwa kidogo mno ukilinganisha na jinsi inavouzwa. Na hicho kidogo chenyewe kina utamu wake, kwahiyo nivumilieni.

Tuanze na mmea. Bangi ina mche dume na mche jike, inayouzwa ni maua ya jike. Ukiliweka ua chini ya lenzi unaliona limejaa vinywele vidogo vidogo vyenye vichwa vya duara vinavyong'aa, na humo vichwani ndimo inamotengenezwa THC ile inayolewesha, na ndimo humohumo zinamotengenezwa terpini, yaani kemikali za harufu. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa wakati ndo zuri kuliko yote, hizi mbili zinatoka kwenye malighafi moja. Mmea unatengeneza kitu kinaitwa geranili pirofosfati, hicho ukikipeleka njia hii unapata limonini au mirsini, ukikiunganisha na asidi ya olivetoli unapata mama wa kanabinoidi zote, yaani zile kemikali za bangi yenyewe, ambaye baadae anageuka kuwa THC au CBD, ile isiyolewesha. Kwahiyo THC yenyewe nusu yake ni terpini, ni ndugu wa damu, sio kwamba mmoja kaja kumtembelea mwenzie.

Kemia yake sitaki kuwachosha. Terpini zote zimejengwa kwa kipande kimoja chenye kaboni 5, ukiunga viwili unapata kaboni 10, hizo ni nyepesi zinaruka haraka puani, ukiunga vitatu unapata 15, hizo ni nzito kidogo zinakaa. Yule mwanakemia Leopold Ruzicka aliyeielezea kanuni hiyo alipata Nobel mwaka 1939, na bangi wala haikuwa hoja yake, alikuwa anashughulika na manukato na mambo mengine.

Sasa mama zangu, nyie hizi terpini mnazijua kuliko mimi, mmezishika mkononi miaka yote. Limonini ni ile inayokurukia machoni ukimenya chungwa. Kariofilini iko kwenye pilipili manga na kwenye karafuu. Linaluli iko kwenye mbegu za giligilani na kwenye lavenda, na aina nyingi za rehani zinayo. Mirsini iko kwenye mchaichai na kwenye maembe mengi. Pinini ni msonobari, ni rozmari, na ule ubani wa Oman tunaochoma nyumbani sehemu kubwa ya mafuta yake ni pinini hiyohiyo. Humulini iko kwenye hopsi zinazotia uchungu kwenye bia, na hapo si ajabu maana hopsi na bangi ni ukoo mmoja wa mimea. Kwahiyo mtu akikwambia bangi ina kemikali za kipekee za harufu mwambie hapana, za kipekee ni kanabinoidi, hizi za harufu Mungu kazimwaga kila bustani.

Na mmea unazitaka za nini? Sio kwa ajili yetu. Ni silaha. Wadudu wengi hawazipendi, kuvu zinazuiwa kuota, na ule utomvu unaonata unamfunga mdudu miguu asifike kwenye mbegu. Sisi tumekuja juzi tu tukasema ooh inanukia vizuri.

Ila zinakimbia jamani. Huu ndo ugomvi wangu mkubwa na lebo za dukani. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Mississippi, Ross na ElSohly, walichukua maua mabichi ya bangi wakapima mafuta yake ya harufu, wakayaacha yakauke ndani kwenye joto la kawaida la chumba, wakapima tena. Baada ya wiki moja asilimia 30 hivi ya mafuta imeondoka. Mwezi mmoja, asilimia 45 hivi. Miezi mitatu, zaidi ya nusu haipo. Na zinazotangulia kuondoka ni zile nyepesi, mirsini, pinini, limonini, kwahiyo sio kwamba harufu inapungua tu, inabadilika kabisa, inabaki ile nzito ya pilipili na udongo. Sasa wewe umenunua pakiti imeandikwa terpini asilimia 3, imepimwa lini? Siku ile ilipopita kwenye mashine yangu. Imekaa ghala gani, joto gani, umeifungua mara ngapi? Namba ile ni picha ya siku ya kipimo.

(Hapa kijana mmoja akauliza, sasa hiyo harufu kali inayosikika mpaka barabarani gari likipita nayo ni terpini gani?)

Swali zuri sana, na jibu lake limewashangaza hata watu wa fani. Sio terpini. Miaka yote tuliimba terpini terpini, mashine zetu zinaonyesha mirsini kibao na limonini kibao, lakini chukua mirsini safi uinuse, hainuki bangi hata kidogo. Chukua hata mchanganyiko wa zote kwa vipimo sahihi, unapata kitu kinachonukia kama sabuni nzuri ya kuogea. Ule uvundo haupo. Mwaka 2021 ndo Iain Oswald na wenzie wa kampuni moja ya California wakachapisha kwamba wamezikuta kemikali za salfa, kiasi kidogo mno, kimojawapo kinaitwa metilibutini thaioli, tena kinafanana sana na zile anazorusha skanki, yule mnyama wa huku ambaye tabia yake ni ya kicheche wetu. Na kemikali hiyohiyo ndo inayotokea bia ikipigwa na jua kwenye chupa ya kijani mpaka inanuka vibaya. Salfa hizi zinapanda ua linapokaribia kukomaa, zinafikia kilele wakati wa kukausha na kutunza, alafu ndani ya siku kama 10 za kukaa ghalani zinashuka kwa kasi.

Kundi lilelile mwaka 2023 wakaenda mbele zaidi wakaonyesha kwamba hata tofauti za harufu kati ya aina na aina, zile za matunda na zile za jibini na dawa, mara nyingi haziletwi na terpini kubwa kubwa bali na vitu vidogo sana, mojawapo skatoli, ambayo kwa heshima yenu wazee ni sehemu ya harufu ya choo. Ikiwa kidogo sana ikichanganyika na zingine inaleta ule ukali ambao watu wanaulipia hela nyingi. Pua yetu inaweza kukamata salfa kwa kiasi ambacho mashine ya kawaida inapita bila kuiona. Kwahiyo lebo yenye terpini tano kubwa haielezi hata harufu yenyewe vizuri, seuze kuelezea stimu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye pua, mbwa wa polisi nao. Mbwa wengi hawafundishwi kunusa THC, THC karibu haina harufu kwasababu ni nzito hairuki. Kinachotajwa sana kwamba wanakinusa ni kariofilini oksidi, ile kariofilini ikishakutana na hewa ikaoza kidogo. Kwahiyo anayedhani bangi ikichakaa haisikiki, mbwa anamsubiri.

Haya sasa kichwani. Mwili wetu una vipokezi vya kanabinoidi, yaani kama milango kwenye seli ambako kemikali hizo zinagonga, viwili vinajulikana zaidi, CB1 iko kwa wingi kwenye ubongo, hiyo THC ikiigonga ndo unalewa, na CB2 iko zaidi kwenye seli za kinga, ukiigonga hulewi. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzie kule Uswisi walichapisha kitu kilichotikisa wengi, kwamba kariofilini, terpini ya pilipili manga na karafuu, inaishika CB2. Yaani ni terpini lakini inafanya kazi ya kanabinoidi. Wakawapa panya kwa mdomo miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, uvimbe ukapungua, wakawapa panya waliozaliwa bila CB2, haukupungua. Hapo ndo unajua kazi imepita mlango gani. Huo ni utafiti safi, mimi naupenda, na kama Mpemba nauonea fahari kidogo maana pale Wawi Chake Chake kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na kwenye mafuta hayo ukiitoa yujinoli iliyo nyingi kinachofuata ni hii kariofilini. Kwahiyo mtoto wa Pemba anayeanua karafuu jioni anavuta hewani kitu kinachogonga kipokezi kilekile wanachokitafuta watu kwenye bangi, na sheria haimgusi. Lakini, na hii lakini ni kubwa, panya ni panya. Nitairudia mama mmoja akiuliza, najua itaulizwa tu, namuona Bi mkubwa pale mbele ameshaanza kutabasamu.

Sasa neno lenyewe wanalolitumia madukani ni ule "msafara", kwamba THC haitembei peke yake, inatembea na wapambe, na wapambe ndo wanaoamua uende wapi. Chanzo chake watu hawakijui. Mwaka 1998 Ben-Shabat, na humo yumo Raphael Mechoulam, mzee aliyeitambua THC mwaka 1964 pamoja na Yechiel Gaoni, walitoa karatasi ambayo haikuongelea terpini wala maua. Waliongelea kemikali iliyomo ndani ya miili yetu wenyewe, inaitwa 2-AG, wakaona inatoka ikiwa na mafuta mengine mawili ambayo peke yake hayafanyi kitu, lakini yakiwa nayo yanaiongezea nguvu. Ndo hivo tu. Baadae wakasema huenda na mimea iko hivyo. Huenda. Alafu mwaka 2011 daktari Ethan Russo akaandika karatasi ndefu nzuri sana akizipitia terpini moja moja akipendekeza hii inaweza kusaidia hofu, hii usingizi, hii kumbukumbu, na ukiisoma kwa makini amesema wazi haya yanahitaji kujaribiwa. Soko halikusubiri. Soko likachukua mapendekezo likayabandika kwenye pakiti.

Walipoanza kujaribu mambo yakawa mchanganyiko. Mwaka 2019 watafiti wa Sydney, Australia, walichukua terpini sita zilizo nyingi kwenye bangi wakazimwagia seli zenye vipokezi vya binadamu pamoja na THC, kuona kama zinaibadilisha THC inavyofanya kazi. Hazikuibadilisha. Sio kwamba zimeshindwa kila kitu, zinaweza kuwa zinapita njia nyingine, ila kwenye kile kipokezi chenyewe hakuna msafara. Mwaka 2021 watu wa Chuo Kikuu cha Arizona wakapata kinyume chake kwa panya, terpini nne zilizodungwa zilifanya panya waonekane kama wamepewa kanabinoidi, mwili kupoa, maumivu kupungua, kutulia. Lakini dozi zilikuwa kubwa mno kuzidi unachoweza kukipata kwenye msokoto.

Nakuja kwenye ule ninaoona ndo mzito kuliko yote kwasababu umefanywa kwa watu. Mwaka 2024, Johns Hopkins wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Colorado, watu wazima 20 wenye afya. Mnajua kuna wanaovuta wakapatwa na wenge, moyo unaenda mbio, wanadhani majirani wanawasema, wanadhani polisi wako mlangoni, sasa swali lilikuwa limonini inapunguza hilo? Kila mtu alikuja mara kadhaa, mara anavuta mvuke wa THC peke yake, mara limonini peke yake, mara vyote pamoja kwa vipimo tofauti, mara mvuke usio na kitu, na haambiwi leo ni kipi. Limonini peke yake haikufanya lolote, sawasawa na ule mvuke mtupu. THC miligramu 30 ikiwa na limonini miligramu 15, hofu na zile shuku zilipungua kweli, na stimu yenyewe haikupungua wala usahaulifu haukupungua. Yaani ni jambo halisi! Mimi niliposoma nilifurahi, nikasema kumbe Russo hakuwa anaota.

Ila chukueni kalamu tupige hesabu pamoja, kwasababu hii hesabu sijaona muuzaji akiipiga. Tuseme ua lina THC asilimia 20 na limonini nusu asilimia, hilo ni ua lenye limonini ya kutosha tu. Ili upate THC miligramu 30 unahitaji miligramu 150 za ua. Humo limonini iliyomo ni miligramu 0.75. Robo tatu ya miligramu! Na kilichofanya kazi kwenye utafiti ni miligramu 15, mara 20 zaidi. Na hiyo ni kabla moto haujachoma nyingine na kabla haijakaa miezi mitatu kabatini. Sasa nieleze, kijana wangu uliyeniambia wewe unachagua yenye limonini ili usipate wenge, unachagua nini? Unachagua harufu ya chungwa, jambo zuri tu, furahia harufu, lakini wenge lako litategemea zaidi umevuta THC kiasi gani, umekula au hujala, uko na nani, na mwili wako ulivyo. Punguza dozi, hiyo inafanya kazi kuliko terpini yoyote ninayoijua.

Na upande wa dawa, dawa ya bangi yenye ushahidi mzito kuliko zote kwa kifafa kikali cha watoto, ile Epidiolex iliyopitishwa Marekani mwaka 2018, ni CBD iliyosafishwa. Terpini zimetolewa zote. Inafanya kazi bila msafara.

(Mzee mmoja akasema, lakini mbona kuna "indika" ya kulala na "sativa" ya kuchangamka, hiyo si ndo harufu?)

Mzee wangu shikamoo. Hapo wote tumepigwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, hapahapa Canada, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walipima sampuli zaidi ya mia moja vinasaba na kemia, wakakuta yale majina hayaendani na ukoo wa mmea, unaweza kukuta mbili zote zimeandikwa sativa lakini ni jamaa za mbali kuliko sativa na indika. Kilichokuwa kinaenda na jina kidogo ni harufu, zile zilizoitwa indika zina mirsini zaidi, zile za sativa zina farnesini na bergamotini, zenye utamu utamu wa majani ya chai. Maana yake ni kwamba mkulima amenusa, akaona ina harufu ya udongo akaandika indika. Mwaka uliofuata watu wa Colorado wakapitia sampuli karibu 90,000 kutoka majimbo sita ya Marekani, lebo za dukani zikashindwa kuendana na kemia kwa uhakika wowote, jina moja la bangi duka hili na duka lile ni vitu viwili. Sasa kama mtu kasoma "indika", kaamini atalala, kavuta THC nyingi usiku akiwa kachoka na kazi ya shifti, si atalala? Alafu kesho atasema mirsini.

Ya embe niipitie haraka maana najua inazunguka kwenye wasap, kwamba ukila embe kabla ya kuvuta stimu inaongezeka kwa ajili ya mirsini. Embe lina mirsini kidogo mno, ikipita tumboni na kwenye ini haijulikani inafika nini, na hakuna jaribio la maana kwa watu. Kula embe kwa sababu ni embe.

Kitu ambacho sitapita haraka ni joto. Terpini ni nzuri zikiwa kwenye ua au kwenye chungwa, ukizichoma kwa moto mkali zinavunjika. Mwaka 2017 watafiti wa Portland State walipima moshi wa yale mafuta mazito ya bangi yanayovutwa kwa kuyaweka kwenye chuma kilichopashwa sana, terpini zikawa zinageuka metakrolini na benzini, na benzini inajulikana inasababisha saratani, na kadri chuma kinavyokuwa moto ndivyo inavyozidi. Sasa vile vikatriji vya kuvuta kwa betri wanavyoviongezea terpini ili vinukie embe vinukie zabibu, ile harufu haikutoka kwenye bangi mara nyingi, imenunuliwa kwenye pipa imemiminwa. Na vya magendo ndo msiviguse kabisa. Mnakumbuka Marekani 2019 watu wanalazwa mapafu yamekufa? Mpaka Februari 2020 waliolazwa walifika 2,807 na waliofariki 68, na chanzo kikubwa kilichopatikana ni asetati ya vitamini E iliyokuwa inachanganywa kwenye mafuta ya THC ya mtaani ili yaonekane mazito. Kilichowadanganya wanunuzi ni hichohicho, kinaonekana kizuri, kinanukia vizuri.

Na kabla sijasahau, wenye safari. Kuruhusiwa Ontario sio kuruhusiwa mpakani. Kuivusha kwenda Marekani ni kosa hata kama unaenda jimbo linaloruhusu, kuirudisha Canada ni kosa, na kwa wenye pasi za nyumbani au wanaosubiri makaratasi ya Marekani hata kukiri tu kwamba unatumia kunaweza kukuharibia. Dar na Nairobi mnazijua sheria zake. Begi lililobeba bangi wiki iliyopita bado linanuka kwa mbwa, nishawaambia kwanini.

(Bi mkubwa wa mbele akanyanyua mkono kama nilivotabiri: mwanangu, sasa hiyo ya karafuu, mimi goti linaniuma, nikinywa chai ya karafuu nyingi si ndo nimepata ile ya panya?)

Bi mkubwa, nilikusubiri. Tupige hesabu tena. Panya alipewa miligramu 5 kwa kilo, tukichukua hivohivo bila kurekebisha, ingawa wataalamu wangerekebisha, mtu wa kilo 70 anahitaji miligramu 350 za kariofilini. Gramu moja ya karafuu kavu ina mafuta kama miligramu 170, na ndani yake kariofilini labda sehemu moja ya kumi, yaani 17. Kwahiyo utahitaji gramu 20 za karafuu kwa siku, ni karafuu zaidi ya mia mbili. Alafu kwenye chai haitoki vizuri kwasababu kariofilini haipendi maji, itabidi uzitafune. Na ukizitafuna zote, ile yujinoli utakayomeza inafika gramu mbili na nusu, wakati kiwango kinachokubalika kwa mtu wa kilo 70 ni miligramu 175 kwa siku. Ini halitakubali. Mafuta ya karafuu ya chupa ndo hatari zaidi, watoto wamewahi kuumwa ini vibaya kwa kumeza kidogo tu, kwahiyo wenye wajukuu yawekeni juu. Wewe tia karafuu zako mbili tatu kwenye chai kwa utamu wake, na goti tutalipeleka kwa daktari wiki ijayo, mimi mwenyewe nitakuendesha.